Majani wanayomeza sokwe: usimpe mtoto

Dada wa Ujiji, pole na mtoto. Umeuliza kama umpe mwanao wa miaka minne, anayelalamika tumbo, majani ya lile ua la njano uliyoletewa kutoka milima ya Mahale, kwa kuwa sokwe nao hujitibu nayo. Usimpe.

Habari ya sokwe ni ya kweli. Huko kwenye hifadhi za Mahale na Gombe huchuma majani ya Aspilia, mmea wa maua ya njano, yanayokwaruza kama msasa, wakayakunja na kuyameza mazima bila kutafuna, mara nyingi asubuhi kabla hawajala. Hutoka kinyesini yakiwa mazima vilevile, wakati mwingine minyoo imenasa humo. Yaani yanafagia utumbo tu. Sasa mtoto mdogo ameze jani zima lenye vinyweleo? Atapaliwa huyo.

Wala usidhani ndiyo mjonso wa Watongwe (wenyeji wa eneo la Mahale), ule mmea mchungu. Mwaka 1987 mtafiti wa sokwe Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akifyonza utomvu wake, ila alimenya gome na kuacha majani. Mnyama anachagua, sisi tunachemsha kila kitu!

Mpeleke zahanati apimwe choo, na malaria pia. Akikutwa na minyoo atapewa albendazoli au mebendazoli kulingana na umri. Akitapika mfululizo, tumbo likiwa gumu au choo kikiwa na damu, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Na aliyekuletea mwambie: kuchuma mimea hifadhini bila kibali ni kosa.