Zulia la Gari Limelowa na Mvua Haijanyesha: Tafuta Mpira wa Maji ya AC Kwanza

Swali la wiki hii ni la msomaji ambaye zulia la gari lake, mbele upande wa abiria, limelowa chepechepe wakati mvua haijanyesha. Fundi amemwambia evaporeta, yaani kile kipande cha AC kinachopoza hewa kwa gesi, imetoboka na dashibodi lazima ishuke. Jibu: dashibodi isiguswe kwanza. Evaporeta ikitoboka inavuja gesi, haivuji maji. Kama AC bado inapuliza baridi kali na chini kunalowa, gesi ipo, na kinachokosekana ni njia ya maji kutoka. Njia yenyewe ni kipande cha mpira chenye unene wa kidole gumba hivi. Kukizibua ni kazi ya nusu saa. Muda mwingi huliwa na kukitafuta.

Inashangaza jinsi mpira huu unavyosahaulika. Watu wanabadilisha kompresa ya AC, wanaongeza gesi ambayo haikupungua, wanapaka silikoni kwenye kioo cha mbele, kisha zulia linalowa tena wiki inayofuata.

Evaporeta imefungiwa ndani ya sanduku la plastiki nyuma ya dashibodi. Gesi inapochemka ndani yake, mabati yake membamba ya alumini hupoa hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri. Hewa yenye unyevu ikipita hapo inaacha matone, kama yale yanayojikusanya nje ya glasi ya maji ya barafu. Matone yanateremka hadi kwenye beseni lililo chini ya sanduku, beseni linainamia tundu moja, na tundu linaungana na mpira unaotokeza nje. Siku ya joto lenye unyevu mwingi, safari ya saa moja au mbili inaweza kutoa maji yanayozidi lita moja. Hewa ikiwa kavu, au ukiwa umeweka mzunguko wa hewa ya ndani kwa muda mrefu, huenda usione hata tone. Kwa hiyo ardhi kavu chini ya gari haitoshi kuthibitisha kuwa mpira umeziba. Ardhi kavu pamoja na zulia lililolowa, hapo una jibu.

Lakini kwanza hakikisha ni maji ya AC. Kandamiza tishu nyeupe kwenye zulia, uiangalie na kuinusa. Maji ya AC hayana rangi na hayatelezi. Yakikaa sana yananuka uvundo, basi. Tishu ikitoka na rangi ya kijani, ya waridi au ya chungwa, ikawa inateleza kidogo na kunukia utamu, hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini, kutoka kwenye rejeta ndogo ya hita, na kwa kawaida kioo cha mbele kitakuwa kinashika ukungu wenye mafuta na kiwango cha kulanti kinapungua. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, wala usiendelee kuendesha ukiipuuza. Kama zulia linalowa baada ya mvua au kuosha gari, AC ikiwa imezimwa, chunguza mifereji iliyo chini ya wipa, mifereji ya dirisha la paa kama lipo, na karatasi ya plastiki iliyo ndani ya mlango. Linalolowa siku kavu AC ikiwa inafanya kazi, hilo ni letu. Dalili nyingine inayosaidia ni sauti ya maji yanayochezacheza nyuma ya dashibodi unapokata kona au kufunga breki.

Kuna hali moja inayowadanganya hata wazoefu. AC inaanza vizuri, baada ya muda upepo unakuwa dhaifu ingawa feni inavuma vilevile, halafu ukizima maji yanamwagika kwa wingi. Evaporeta imeganda barafu. Barafu ikiyeyuka kwa mkupuo, beseni linaweza kuzidiwa hata kama mpira uko wazi. Sababu huwa gesi pungufu, filta ya kabini (ile inayochuja hewa inayoingia ndani ya gari) iliyojaa vumbi, au sensa ya joto la evaporeta iliyokufa. Ukizibua mpira hapo utakuwa umefanya usafi tu.

Sasa kuutafuta. Egesha gari mahali tambarare, washa AC kwenye baridi ya mwisho, feni karibu na mwisho, hewa ikivutwa kutoka nje, dakika 10 hadi 15. Chungulia chini bila kuingia. Mpira ulioziba nusu utadondosha tone moja moja, na tone hilo linakuonyesha mahali. Ukikosa tone, anzia ndani: piga magoti upande wa abiria, ondoa kifuniko cha plastiki kilicho juu ya nafasi ya miguu kama kinatoka kwa vibanio tu, umulike kwa tochi sehemu ya chini kabisa ya sanduku jeusi. Utaona mrija ukielekea kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini, au ukishuka sakafuni karibu na mgongo wa katikati ambako gia na eksozi hupita. Pima kwa macho umbali wake kutoka mlangoni na kutoka sakafuni, kisha katafute sehemu hiyohiyo kwa nje. Magari mengi yanautokeza chini kwenye ukuta huo, upande wa abiria. Mengine yanautokeza katikati. Kwa nje unaonekana kama kiwiko kifupi cha mpira mweusi kinachotazama chini, chenye mdomo uliokatwa mshazari au uliobanwa kama mdomo wa bata. Hauna kibanio cha chuma kwa nje na mwisho wake hauungani na kitu chochote.

Hiyo ya mwisho ishike sana, kwa sababu jirani yake kuna mipira ambayo hutakiwi kuigusa. Mipira miwili minene yenye vibanio inayoingia ukutani ni ya hita, na ndani yake kuna kulanti ya moto yenye presha. Mabomba mawili ya alumini, moja nene na moja jembamba, ni ya gesi ya AC. Mpira wa maji haubebi presha ya aina yoyote. Ukiona kinachotaka spana, umekosea.

Kabla ya kulala chini, zima injini, subiri eksozi ipoe angalau nusu saa, weka vizuizi kwenye magurudumu, na gari likinyanyuliwa likae juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi, na matofali yanapasuka bila kutoa taarifa. Vaa miwani. Sanduku lililojaa humwaga maji yake yote mara moja, nayo ni meusi, yana ute, na yanaelekea moja kwa moja kwenye uso wa aliye chini. Jilaze pembeni ya mpira, si chini yake.

Anza na vidole. Minya mdomo wa mpira kulia na kushoto; mara nyingi ni tope lililokauka au kiota cha nyigu wa udongo, kinavunjika na maji yanashuka. Kama hayashuki, fyonza. Tumia mashine inayofyonza vumbi na maji (ile ya vumbi pekee itaungua), funika mwanya kati ya bomba lake na mpira kwa kitambaa kilicholowa, uiache ivute kwa dakika moja au mbili. Kufyonza kuna faida kubwa: uchafu unatoka kwa njia ambayo maji yenyewe yangepita, na hakuna kinachorudi ndani.

Wengi wanakimbilia kupuliza kwa upepo wa kompresa. Upepo unaweza kusaidia, ila fahamu unachocheza nacho. Kompresa ya kujazia matairi inatoa presha ya baa 7 au 8. Ukiuachia upepo huo kwenye mpira, majani na ute vinarushwa juu hadi kwenye evaporeta, maji yanaweza kuruka hadi kwenye mota ya feni, na mbaya zaidi, mpira unaweza kuchomoka upande wa ndani ambako hauonekani. Hapo maji yote yatamwagika kwenye zulia na mpira wa nje utabaki mkavu. Kama lazima upulize, shusha presha isizidi baa 2, puliza kwa vipindi vya sekunde moja, usizibe mdomo kabisa, na ufyonze tena baada ya hapo.

Kama kufyonza hakukutosha, tumia uzi wa nailoni wa mashine ya kukata nyasi, unene wa milimita 2 au 3, urefu wa sentimita 30 hivi. Yeyusha ncha kidogo kwa moto iwe butu na mviringo. Iingize polepole huku ukiizungusha, sentimita 10 hadi 15, ukivuta nje kila mara kufuta ute. Uzi ukigonga kitu kigumu, simama. Kikiwa ni uchafu, utauhisi ukilegea. Kikiwa ni evaporeta, utahisi ukuta. Na hapa sitapunguza makali: bisibisi, waya wa henga na spoku ya baiskeli havina kazi humu. Mirija ya evaporeta ni alumini nyembamba. Ukiitoboa, gesi inatoka yote, na dashibodi uliyokuwa unaikwepa itashuka kweli.

Maji yakishatoka, washa tena AC dakika 15 na uangalie. Matone yanapaswa kuanza, kisha yaendelee kwa mwendo wa kufanana. Wengine wanapenda kusuuza beseni kwa kumwaga maji kupitia nafasi ya filta ya kabini. Usifanye hivyo bila kujua sanduku lako limepangwaje, kwa sababu kwenye magari mengi nafasi hiyo iko juu ya feni, na maji yataishia kwenye mota. Dawa ya povu ya kusafishia evaporeta inafaa zaidi: fuata maelezo ya kopo, acha povu liyeyuke, litoke kwa mpira. Lakini isitangulie kuzibua. Povu kwenye beseni lililoziba litaishia kwenye zulia. Dawa ya klorini ya kufulia usiiweke kabisa. Inakula alumini, na harufu yake utaivuta wewe kila ukiwasha feni.

Mpira ukiutoa, urudishe ulivyokuwa, mdomo ukitazama chini. Kuna tabia ya kukata ule mdomo wa bata ili maji yatoke kwa urahisi. Usikate. Umebanwa ili wadudu, maji ya barabarani na hewa ya injini visipande ndani. Ukiwa mfupi mno, maji yatateremka na ukuta wa chuma, yapenye pembeni ya tundu na kurudi kabini.

Na kama mpira unadondosha vizuri lakini zulia bado linalowa? Shika kwa mkono mahali mpira unapoungana na sanduku kwa ndani: umechomoka, au raba ya kuzibia pale ukutani imepinda. Kisha gusa bomba nene la AC linapoingia kwenye sanduku. Bomba hilo ni baridi sana na linapaswa kuvikwa sponji. Sponji ikianguka, bomba lenyewe linatoa jasho ndani ya kabini, na hakuna kuzibua kutakakolisaidia. Livike upya. Gari lililowahi kushushwa dashibodi lina mashaka ya tatu: sanduku halikufungwa sawasawa na nusu zake mbili zimeacha mwanya.

Zulia sasa. Kulifuta kwa juu ni kujidanganya. Chini yake kuna sponji nene inayoshika lita kadhaa za maji, na ukungu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili. Toa kifuniko cha kizingiti cha mlango, nyanyua zulia, fyonza maji, kisha liegemeze juu kwa kipande cha mbao na upulize feni siku 2 au 3, milango wazi. Ukikuta soketi za umeme chini ya zulia, zikague kama zina kutu ya kijani. Soketi za manjano ni za eabegi. Usizichomoe betri ikiwa imeunganishwa.

Kuziba tena kunategemea kinachoingia juu. Majani yaliyo chini ya wipa yatolewe kwa mkono, filta ya kabini ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mara moja kwa mwaka, mapema zaidi kwenye vumbi. Gari lisilo na filta kabisa, na yapo mengi yanayotembea hivyo, litaziba tu. Dakika 3 hadi 5 kabla ya kufika, zima kitufe cha AC na uache feni ivume: evaporeta inakauka, ute unakosa unyevu wa kuotea. Na gari likipelekwa kupakwa dawa ya kuzuia kutu chini, mdomo wa mpira ufunikwe kwa utepe, na utepe utolewe baadaye. Huo utepe ukisahauliwa, nao unaziba.

Kabla hujatoka chini ya gari, piga picha mbili kwa simu: moja ya mpira kwa karibu, nyingine ya mbali inayoonyesha gurudumu na eksozi. Anayekuja kuutafuta mwakani hatakumbuka ulipo.