Kwa mnaoanza EMDR: mkono ni mwepesi, mdomo ndio mgumu

EMDR ni tiba ya kiwewe: mteja anakumbuka tukio lililomuumiza huku macho yake yakifuata vidole vyako. Wauguzi wa afya ya akili na wanasaikolojia wapya ninaokutana nao hapa Dodoma huanza na swali lilelile: vidole viendeshwe vipi? Jibu ni fupi. Vidole viwili, umbali ambao mteja anaona bila kukaza macho, kulia na kushoto mara 24 hadi 30 hivi kwa seti moja. Akisema macho yanauma, acha. Msikae uso kwa uso. Sogeza kiti upande kidogo. Hayo utayazoea upesi.

Kinachochukua muda ni kujifunza kunyamaza. Tumelelewa kutoa pole. Mama analia mbele yako, na kabla hujafikiri umeshasema "pole mama, Mungu atakusaidia", na ushauri unafuata nyuma yake. Kwenye ushauri nasaha wa kawaida hilo halina ubaya. Katikati ya EMDR linamtoa kwenye kumbukumbu aliyokuwa anaipitia, anaanza kukujibu wewe. Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeianzisha mwaka 1987 na kuchapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1989, aliijenga juu ya wazo kwamba ubongo wenyewe una uwezo wa kulimaliza tukio lililokwama, ukipata msaada. Kwa hiyo seti ikiisha unamwacha apumue, kisha unauliza tu, "Sasa kumekuja nini?" Akijibu, "Naona taa za lori," humuulizi lori la nani wala lilitoka wapi. Unasema, "Haya, endelea na hilo," na mkono unaanza tena. Akilia, neno moja la upole linatosha: "Yamepita hayo, yaangalie tu." Pole yake utampa mwishoni, tena kwa moyo wote.

Mkono nao una adabu zake. Kijana kumpungia mzee wa Kongwa vidole usoni bila maelezo ni kumkosea heshima, na hatarudi. Shikamoo kwanza, kisha jionyeshee mwenyewe, kisha omba ruhusa. Asipopenda, akunje mikono kifuani na kujigonga mabega polepole, kulia na kushoto kwa zamu. Njia hiyo ilitokana na kazi ya kuwahudumia manusura wa kimbunga Pauline kilichopiga Mexico mwaka 1997. Mimi naipenda kwa sababu inamaliza pia suala la nani amguse nani.

Kipimo cha usumbufu ni 0 hadi 10, lakini wapo ambao namba haziwaambii kitu. Waambie waonyeshe kwa mkono umefika wapi mwilini: magotini, kifuani, au umewazidi kichwa.

Hatua ziko nane, na vidole vinaingia ya nne. Msiziruke tatu za mwanzo, hasa ile ya historia. Mtu anaweza kuja kwa ajali ya bodaboda ya juzi, kumbe kinachomkosesha usingizi ni cha zamani zaidi. Kwa mtu mzima wa huku kinaweza kuwa hata ile treni ya abiria iliyorudi nyuma na kugonga ya mizigo pale Igandu, Juni 2002, watu zaidi ya 280 wakafariki. Usipouliza, utahangaika na bodaboda wiki nzima.

Halafu muda. Tengeni dakika 60 hadi 90, na zikibaki 15 msifungue kitu kipya. Mteja wa Mpwapwa ana basi la kuwahi. Mrudishe kwanza kimawazo mahali pa utulivu mlipopaandaa pamoja, apumue, ataje anachokiona chumbani, aseme nyumbani atamkuta nani. Mwambie ndoto na kumbukumbu nyingine zinaweza kuja siku zinazofuata, aziandike au akusimulie mkikutana. Anayeondoka bila kujua hilo ataamini tiba imemharibu.

Shirika la Afya Duniani liliipendekeza EMDR kwa wenye kiwewe mwaka 2013, lakini pendekezo hilo linamhusu mtoa huduma aliyefundishwa. Video za intaneti hazitoshi: tafuta mafunzo yenye mazoezi na msimamizi wa kupitia naye wateja wako. Na anayezungumzia kujiua, anayesikia sauti, au anayepotea katikati ya mazungumzo asijue yuko wapi, usimwanzishie vidole. Mpeleke kwanza kwa daktari wa magonjwa ya akili, umsindikize mwenyewe ukiweza, na umhakikishie kwamba nafasi yake kwako ipo palepale.