"Vacate" ni kuhama au ni kufutwa amri? Jibu kwa mpangaji mwenzetu wa Majengo

Ndugu yangu uliyeuliza, una karatasi mbili mkononi. Moja ni ya mwenye nyumba, yakutaka "vacate the premises". Nyingine imetoka kwa wakili wake, yasema amri za muda ulizopata kortini zimekuwa "vacated". Wauliza kama hiyo ya pili ni kuambiwa uhame kwa mara ya pili, na kama uanze kufunga mizigo. Nimekuwa karani wa mawakili hapa Mombasa miaka mingi, na sidhani kuna neno la Kiingereza nililofasiria watu kwenye korido za korti zaidi ya hili. Nakujibu kwa urefu kwa sababu karatasi yako ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, na naona macho yako yako kwenye ya kwanza.

Kitenzi ni kimoja, lakini tazama kimeshika nini. Kikishika jengo au kiwanja, ni kuhama na kupaacha wazi. Kikishika kitu kilichotolewa na korti, kama vile amri, hukumu au tarehe, ni kufuta, kutengua. Asili yake ni Kilatini, vacare, yaani kuwa tupu: nyumba haina mtu, amri haina nguvu. Waingereza walianza na maana ya kutengua, katika karne ya 17. Ya kuhama ilifuata baadaye. Kwa hivyo mawakili hawajalipinda neno. Sisi ndio tulilijua kwanza kupitia barua za wenye nyumba.

Linalochanganya watu zaidi ni la tarehe. Mzee mmoja wa Kisauni alikuja ofisini na binti yake, wameshika karatasi iliyokunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Ilisema tarehe ya kusikizwa kesi "has been vacated" na kwamba nyingine ingetolewa na rejista, yaani ofisi ya korti inayoweka faili za kesi. Mjukuu aliwafasiria kuwa korti imewaamuru wahame siku hiyo. Walikuwa wameshang'oa mlango wa mbele, mlango mzito wa mvule, wakaupeleka kwa jamaa yao Bamburi usije ukavunjwa pamoja na nyumba. Nilimwekea kidole kwenye neno "date" nikamwambia: mzee, kilichoondolewa ni tarehe, wewe hujaondolewa. Alininyamazia, kisha akamgeukia binti yake akamwambia apige simu Bamburi mlango urudishwe. Jaji hakuwa akisikiza kesi siku ile, basi. Kesi ilikuwa palepale.

Na "vacation" nayo si likizo kila mara. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 103, inaeleza namna mbunge anavyopoteza kiti, kwa mfano akikosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha Bunge bila ruhusa ya maandishi ya Spika. Kichwa cha kifungu hicho kwa Kiingereza chatumia neno hilohilo. Maana yake kiti kimebaki wazi.

Sasa turudi kwako. Amri za muda ulizopata zilikuwa ndizo ngao yako: zilimzuia mwenye nyumba asikutoe mpaka kesi isikizwe. Kama kweli zimetenguliwa, ngao imeondoka. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa namna mbili. Kuna anayesoma "orders vacated" akafurahi, akidhani ni amri za yule mwingine. Na kuna anayedhani kesi nzima imekufa, akakata tamaa. Kutenguliwa kwa amri ya muda si kutupwa kwa kesi. Kesi yaweza kuendelea na hata ukashinda. Tatizo ni kwamba kwa sasa hakuna kinachomzuia mwenye nyumba asifanye lile ulilokuwa ukiliogopa.

Ndiyo maana uharakishe kujua zilitenguliwa kwa nini. Sababu nilizoziona sana ni hizi: mtu hakufika siku ya kesi, au alipoomba amri alificha jambo ambalo jaji alistahili kulijua, kama vile malimbikizo ya kodi ya nyumba. Halafu tofautisha kutenguliwa na kuisha muda. Chini ya Kanuni za Madai za 2010, amri ya zuio iliyotolewa bila upande wa pili kuwepo haizidi siku 14, na aliyeipata lazima amfikishie mwenzake ndani ya siku 3, la sivyo yaanguka yenyewe bila jaji kusema neno. Hata zuio lililotolewa baada ya pande zote kusikizwa huisha kesi ikipita miezi 12 bila kuamuliwa, isipokuwa korti iseme vinginevyo kwa sababu ya kutosha. Iliyotenguliwa ina uamuzi ndani ya faili, na uamuzi waweza kuukatia rufaa na kuomba zuio jingine wakati rufaa yangoja. Usikubali kusikia habari hii kwa wakili wa mwenye nyumba peke yake. Chukua namba ya kesi, nenda rejista, omba uone uamuzi wenyewe.

Kuhusu barua ya mwenye nyumba, hukusema ni duka, ni nyumba ya kulala, au ni nyumba yako juu ya ardhi ya mtu. Hapa Mombasa hayo ni mambo matatu tofauti kabisa.

Duka ambalo halina mkataba wa maandishi, au mkataba wake hauzidi miaka 5, lalindwa na sheria ya upangaji wa maduka na hoteli. Mwenye nyumba hawezi kukuandikia tu mistari miwili akakupa wiki. Notisi iwe kwenye fomu iliyowekwa na sheria, itaje sababu, na ianze kufanya kazi si chini ya miezi 2 tangu uipokee. Wewe nawe una mwezi 1 wa kujibu kwa maandishi kama wakubali au wakataa, na ukikataa upeleke shauri kwenye baraza la kodi za nyumba za biashara (Business Premises Rent Tribunal) kabla ya siku ile ya notisi. Ukikaa kimya siku ikapita, notisi inashika.

Nyumba ya kulala ina ulinzi wa sheria ya kodi za nyumba pale tu kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Labda chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili huko ndani Majengo au Likoni. Zaidi ya hapo, soma mkataba wako.

La tatu ndilo linaloniuma. Nyumba bila ardhi: kuta zako, mabati yako, msingi uliochimba baba yako, na kila mwezi mwatoa kodi ya ardhi. Mwenye ardhi akiandika "vacate", hasemi tu utoke mlangoni. Asema ardhi ibaki tupu, na ile nyumba je? Hata akidai mwakaa hapo bila idhini yake, Sheria ya Ardhi, kwa marekebisho ya 2016, yamtaka atoe notisi ya maandishi ya si chini ya miezi 3 kabla ya kuwatoa, na aliyeipokea ana haki ya kwenda kortini. Risiti za kodi ya ardhi, hata za enzi za babu zilizoliwa na mende, ndizo zitakazoonyesha kwamba hukuvamia. Zitafute usiku huu huu.

Tuandikie hapa ni lipi kati ya hayo matatu, na tarehe uliyoipokea ile barua ya kwanza. Kama ni duka na miezi 2 haijaisha, kesho asubuhi uwe barazani kabla ya kwenda rejista.