Boksi la Candy Candy: usilipe kabla hujajua wenye haki ni akina nani

Usilipe. Kama ulishaingiza namba ya kadi, ifute, funga ukurasa wa duka, halafu rudi hapa usome.

Umeuliza mambo manne: kwa nini Candy Candy, ile katuni ya zamani ya Kijapani, haijawahi kutolewa rasmi nje kwenye DVD, kama lile boksi la vipande 115 ulilobandika picha yake ni halali, kama deki zetu za hapa Bongo zinasoma diski za Japani, na Macross, katuni nyingine ya Kijapani, uanzie wapi. Mimi macho yameishia kwenye picha. Boksi hilo nalijua mkuu. Ganda la pinki, Candy kakaa juu ya mti, kwenye kona stika ya fedha inayong'aa inayosema ni toleo rasmi. Nililinunua 2019.

Kwetu Candy iliingia kwa kanda. Shangazi alikuwa anafanya kazi Muscat, na kila akija likizo Tanga alileta VHS alizorekodi huko. Candy anaongea Kiarabu, sisi hatuambulii neno, lakini pale pa kulia tunalia wote. Kanda ya mwisho iliishia Anthony, kijana aliyempenda Candy, anapoanguka kwenye farasi na kufa. Baada ya hapo shangazi akahama, deki ikafa, basi. Dada yangu mkubwa alikaa zaidi ya miaka thelathini hajui yule binti aliishia wapi, na alikuwa anauliza kweli, si utani. Alipokaribia kutimiza hamsini nikasema zawadi yake ni hiyo.

Sikukurupuka. Niliuliza kwanza kwenye kundi la wapenzi wa katuni za zamani. Msimamizi wake, mtu tuliyemchukulia kama mwalimu wetu, akanijibu bila kupepesa: kesi ya hakimiliki iliisha 2001, mahakama iliamua, haki zimekaa sawa, nunua tu. Akaniwekea na kiungo cha duka. Baadaye sana ndiyo nikaja kujua kwamba kila anayenunua kupitia kiungo kile, yeye anapata chake. Huyu mtu bado ananiuma kuliko hata muuzaji. Muuzaji hanijui. Huyu nilimweleza habari za dada yangu, akasema "atafurahi sana".

Sasa nisikilize, maana na wewe umeandika hivyo hivyo, kwamba "si kesi iliisha?" Iliisha, ndiyo. Iliishaje?

Candy ana mama wawili. Hadithi iliandikwa na Kyoko Mizuki, ambaye jina lake halisi ni Keiko Nagita. Picha alichora Yumiko Igarashi. Ilianza 1975 kwenye jarida la Nakayoshi la kampuni ya Kodansha, 1977 ikachukua tuzo ya manga (hadithi za michoro za Kijapani) ya Kodansha, na studio ya Toei wakaitengenezea katuni ya televisheni iliyorushwa kuanzia Oktoba 1976 hadi Februari 1979. Miaka ya 1990 Igarashi akaanza kutoa bidhaa zenye sura ya Candy bila ridhaa ya mwenzake, Mizuki akaenda mahakamani. Kesi ilipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Oktoba 2001, Mahakama ya Juu ya Japani ikakata shauri: manga ile imezaliwa na maandishi ya Mizuki, kwa hiyo hata picha moja tu ya Candy, hata ya kubandika kwenye ganda, mchoraji haitumii mpaka mwandishi akubali. Na mwandishi naye michoro ile si yake. Katuni ya Toei imesimama juu ya kazi ya wote wawili, kwa hiyo ikitaka kutoka inahitaji ndiyo mbili. Hazijapatikana. Hukumu unayoitegemea wewe ndiyo kufuli lenyewe.

Ndiyo maana hata Wajapani wenyewe hawana boksi la DVD la Candy dukani. Watu wanasema eti katuni hizi hazitoki nje kwa sababu hazina soko. Candy haina soko? Ufaransa walianza kuionyesha 1978, Italia 1980, Amerika ya Kusini huko wanaume wazima wanaijua. Pesa ya kuinunua ipo, tena nyingi. Kinachokosekana ni sahihi za wenye haki.

Ukitaka kuona kufuli hilo kwa macho, angalia kilichotokea 2010. Nagita (yule yule Mizuki) alitoa riwaya ya Candy, Candy Candy Final Story, vitabu viwili. Maneno ni yake, anayo haki nayo. Ndani yake hakuna mchoro hata mmoja wa Igarashi. Kama mwandishi mwenyewe hawezi kuweka sura ya Candy kwenye kitabu chake, huyo wa stika ya fedha kaipata wapi?

Mimi haya sikuyajua. Nikalipa dola 390, usafirishaji dola 60, na mzigo ulipofika nikalipa ushuru juu. Jumla ilivuka milioni moja na laki mbili. Nilidunduliza miezi mitano.

Nikalipeleka Tanga bila kulifungua ili alifungue mwenyewe. Akafungua mbele ya wanawe. Nikachukua diski ya kwanza nimwekee, nikaigeuza, na upande wa chini ulikuwa wa zambarau. Wewe uliyekulia kwenye zama za CD za kuchoma unaelewa. Diski ya kiwandani chini ni ya fedha, au ya dhahabu hafifu. Ile rangi ya zambarau inatoka kwenye diski tupu za dukani ambazo mtu anachoma kwa kompyuta yake. Moyo ukaniambia, lakini dada alikuwa ameshakaa mkekani. Nikaiweka.

Kwenye kona ya kioo palikuwa na doa la ukungu, pale walipojaribu kufuta nembo ya stesheni ya televisheni waliyorekodia. Candy akisogea upande ule nusu ya uso wake inayeyuka. Maandishi ya chini yanamwita Anthony kwa majina matatu tofauti. Boksi limeandikwa vipande 115, mimi nimehesabu 112. Ndugu muuzaji anajua kuhesabu dola tu. Kipande cha farasi kilipofika, kile kile tulichokiacha utotoni, sauti ikageuka ghafla kutoka Kijapani kwenda Kiitaliano, na haikurudi tena.

Dada hakujali. Alikaa siku nne. Diski ya mwisho Candy akaenda stesheni ya treni, Terry, mpenzi wake waliyeachana, akarudi kwake, dada akalia, akawakumbatia wanawe, akanipigia nikiwa kwenye basi kurudi Dar kunishukuru.

Wiki tatu baadaye, katika kutafuta namna ya kurudishiwa hela yangu, nikasoma kwamba Waitaliano walipoitafsiri waliukata ule mwisho na kuuunga upya ili Terry arudi. Mwisho halisi Terry harudi. Candy anagundua kwamba Albert, yule rafiki yake wa siku zote, ndiye Mjomba William aliyemchukua kama mwanawe, na ndiye yule mvulana aliyekutana naye kilimani akiwa mdogo. Huo ndio mwisho ambao dada aliusubiri miaka yote, na mimi nimemuuzia mwingine. Nikampigia. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kwa hiyo Terry hakurudi?" Nikamwambia hakurudi dada. Akasema sawa mdogo wangu, nimepokea, akakata. Ile milioni nimeshaizoea. Simu ile bado.

Muuzaji alinijibu mara mbili. Ya kwanza aliniambia nirudishe mzigo kwa gharama zangu. Ya pili aliniambia picha hafifu ni kwa sababu katuni ni ya zamani. Ya tatu akanifungia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaibandika kwenye kila uzi mpaka mnichoke: kabla hujatoa hata shilingi, tafuta nani alitunga, nani alichora, nani aliitengeneza katuni, halafu uliza kama wote wamekubaliana. Nyuma ya boksi kuna mstari wa hakimiliki wenye majina. La kwako ukilikuza utaona jina la studio peke yake, tena limekosewa herufi. Mizuki hayupo. Igarashi hayupo. Maliza hapo.

Macross ni kanuni hiyo hiyo. Studio ya Tatsunoko ya Japani waliwapa kampuni ya Harmony Gold ya Marekani haki za nje, hao wakaiunganisha na katuni nyingine mbili wakaiita Robotech 1985, halafu waliobuni Macross wakawa na madai yao. Nyingi za katuni za Macross zilizofuata zikakwama Japani hadi makubaliano ya Aprili 2021. Miaka yote hiyo mabandani palijaa maboksi "rasmi" ya Macross 7, moja ya hizo zilizofuata. Majina yalipokubaliana tu, milango ikafunguka. Legend of the Galactic Heroes, katuni nyingine ya Kijapani, nayo, vipande 110, ilianza 1988, na toleo halali la Kiingereza lilitangazwa 2015. Waliosubiri walipata kitu safi.

Umesema unataka kumshangaza mama watoto siku ya kumbukumbu ya ndoa. Kama anasoma Kifaransa au Kiitaliano, ile riwaya ya Nagita imetafsiriwa kwa lugha hizo, kihalali, na mwisho wake ni wa mwandishi mwenyewe. Na kama ulishalipa lile boksi, niandikie leo hii kabla mzigo haujatoka kwao, na uweke tarehe ya muamala. Benki wana fomu ya kupinga malipo ya kadi, na ina muda wake. Mimi niliujua muda ulipokwisha.