Mke wangu anawaliza watoto kwa ngano ya paa

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki hapa Ngamiani, Tanga. Nina mke niliyemwoa kwa mahari kamili na watoto wawili, wa kiume ana miaka 7 na wa kike ana miaka 5. Niliwanunulia watoto kitabu cha Paka Mwenye Buti, hadithi nzuri ambayo mwisho wake kila mtu anafurahi, lakini mama yao amekiweka kando na usiku anawasimulia habari za paa. Paa huyo anamtajirisha maskini mmoja, kisha anaugua, bwana wake hamjali, anakufa na kutupwa kisimani. Paa wa mke wangu anakata roho huku akiuliza kama bwana wake amekula, na hapo ndipo watoto wanapoangua kilio. Kesho yake wanaomba wasimuliwe tena. Juzi mwanangu aliniuliza mbele ya wageni, "Baba, kwa nini yule bwana hakwenda mwenyewe kumwona paa?" Nilifedheheka. Nimemkataza mke wangu, hanijibu. Amebadilika tangu mwaka jana alipofanyiwa operesheni ndogo ya akina mama, ingawa hela yote ya matibabu niliituma kwa simu, na kijana wangu wa dukani alimpelekea mahitaji hadi kwao Pangani. Ni kweli zamani aliuza mkufu wake kunisaidia mtaji, lakini hayo yalikwisha, na maisha haya nimejitengenezea mwenyewe. Dada yangu anasema huyu ana kiburi, na kwamba uwezo ninao wa kuoa mwingine asiye na maneno. Nifanye nini?

Baba Wawili, Ngamiani

SHANGAZI ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Pole kwa fedheha iliyokupata, maana hakuna mzazi anayependa kuulizwa na mtoto swali asilokuwa na jibu lake, tena wageni wakisikiliza. Pole yangu inaishia hapo. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na kila nikiirudia namwona aliyedhulumiwa ni mmoja tu, naye si wewe.

Nianze na ngano yenyewe, kwa kuwa unamshitaki mkeo kwamba ameacha hadithi nzuri akashika mbaya. Paka unayemjua wewe, yule aliyevaa buti, akamtajirisha kijana wa msaga nafaka na mwishowe akawa bwana mkubwa anayewinda panya kwa kujifurahisha tu, ni paka wa Mfaransa Charles Perrault, aliyemchapisha mwaka 1697. Lakini hadithi hiyo ina wazee wake. Giambattista Basile wa Napoli, huko Italia, ambaye ngano zake zilianza kuchapishwa mwaka 1634, aliandika habari za paka wa namna hiyohiyo, ambaye baada ya kumpatia bwana wake mali na mke alitaka kujua anathaminiwa kiasi gani, akajilaza akajifanya amekufa. Bwana yule alikuwa amemwahidi kumhifadhi ndani ya dhahabu siku atakapokufa. Alipoletewa habari, alimwambia mkewe amshike mguu amtupe dirishani. Paka akainuka, akampasha yaliyomstahili, akaondoka asigeuke nyuma.

Kwetu pwani mnyama ni paa, na mambo yanakuwa mazito zaidi, kwa sababu paa hajifanyi. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alizikusanya ngano za Unguja kutoka kwa wasimulizi wenyewe na kuzichapisha London mwaka 1870, na humo yumo maskini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama, akaokota thumuni, akamnunua paa huku watu wakimcheka. Paa huyo ndiye aliyeokota almasi akaipeleka kwa sultani kwa jina la bwana wake, ndiye aliyemposea binti wa sultani, na ndiye aliyeliua joka la vichwa saba ili bwana apate nyumba ya kumwingiza mkewe. Alipougua alimtuma kikongwe akampe bwana habari, na bwana, aliyekuwa ameketi raha mustarehe, akaamuru mgonjwa apikiwe uji wa mtama, ule duni kabisa. Mke wa bwana ndiye aliyelia, ndiye aliyetuma kwa siri maziwa na wali na mto wa kulalia. Bwana akauliza, huyu si paa tu wa thumuni? Paa akafa, akatupwa kisimani kama ulivyosikia, na siku moja bwana akaamka akajikuta yuko palepale jaani, anachakura.

Basi mkeo hakuiharibu ngano. Amewarithisha wanao ngano ya pwani yao, kama bibi zetu walivyoturithisha sisi. Alichoongeza ni neno moja tu, lile la paa kuuliza kama bwana amekula, na neno hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonifanya nisikate tamaa na ndoa yenu.

Sasa tuiangalie barua yako, mwanangu. Umeijaza paka na paa, wageni na dada yako, lakini maradhi ya mama wa wanao umeyamaliza ndani ya sentensi moja, tena kwa kuyaita "operesheni ndogo ya akina mama". Mwanamke aliyepasuliwa tumbo hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa, hawezi kuinua ndoo, akikohoa hulikamata tumbo kwa mikono miwili, na usiku huwaza kama ataamka na nani atawalea wanawe. Wewe unaiita ndogo kwa sababu hukuwapo. Nimetafuta ndani ya barua yako mahali ulipoandika kwamba ulikwenda Pangani kumtazama, na sikupaona. Nimeona hela ikienda, nimeona kijana wa dukani akienda na mfuko wa mchele na sukari, lakini wewe sikukuona. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kilomita zipatazo 50. Watu huenda huko kuzika na kurudi siku hiyohiyo.

Je, unataka kujua kwa nini mwanao aliuliza lile swali? Mtoto wa miaka 7 hakufundishwa kukusimanga. Alikuwapo kwa bibi yake, alimwona kijana wa dukani akibisha hodi na kukabidhi mzigo mlangoni, akangoja kuona nani anayefuata nyuma, wala hakufuata mtu. Watoto huyaweka mambo kifuani mpaka yapate pa kutokea, na la kwake limetokea kwa paa. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Na wewe ulifedheheka kwa sababu ulijua jibu.

Liko jambo jingine lililonikwaza. Katika mstari wa pili tu wa barua yako umenitajia mahari, kwamba ulimwoa kwa mahari kamili. Hakuna aliyekuuliza. Mtu anayetaja bei ya mwenzake kabla hajataja jina lake wala wema wake amekwisha kuingia njia ya yule bwana wa thumuni, hata kama miguu yake haijafika mbali. Mkufu wa mkeo umeutaja mwishoni, kwa shingo upande, ukasema hayo yalikwisha. Hayakwisha, mwanangu. Mkufu ule ndio duka lako. Mwanamke wa Kitanga hauzi dhahabu yake kwa wepesi, kwa kuwa ndiyo akiba yake siku mume akimgeuka au akifariki, na aliyevua mkufu akamkabidhi mume asiye na kitu amevua kinga yake yote. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Huwezi kukalia kiti cha duka hilo ukasema umejitengenezea maisha mwenyewe, ukatarajia aliyekuundia chombo anyamaze hata kwa watoto wake.

Tena kwa haki ya Mungu amenyamaza. Hakwenda kwa wazee kukushitaki, hakuwatangazia majirani, hakukurushia maneno ya mafumbo kwenye kanga. Amengoja taa izimwe, akaketi kitandani kwa watoto, akasema paukwa, wakaitika pakawa, kisha akasema huzuni yake kwa mdomo wa mnyama. Hapo ndipo mahali pekee ndani ya nyumba yenu anapoweza kusema na kusikilizwa hadi mwisho, na wewe unataka kumnyang'anya hapo pia. Nakukataza.

Usihofie machozi ya watoto. Mtoto anayemlilia paa aliyeachwa peke yake katika ugonjwa ni mtoto atakayekuuliza hali siku utakapolala wewe. Wangekuwa wanaota ndoto mbaya au wanaogopa kulala ningekuambia mama apunguze, lakini umesema mwenyewe kwamba kesho yake wanaomba tena. Wanaomba kwa sababu ndani ya giza la ngano ile upo upendo, na watoto huunusa upendo kabla yetu. Ukitaka kumwona mtoto aliyeharibika, mtazame yule anayelelewa na katuni za simu tangu asubuhi hadi usiku, asiyejua kuomboleza wala kusubiri.

Na hili niwaambie nyote mnaosoma, si Baba Wawili peke yake. Ndoa za siku hizi zimekuwa za miamala. Mume akituma pesa na ujumbe wa uthibitisho ukaingia, anahesabu kwamba amekwisha kuuguza, amekwisha kufariji, amekwisha kulea. Wanawake nao wapo, wanaomwagiza msichana wa kazi amwandalie mume mgonjwa uji, wao wako kwenye kikao cha kikoba. Pesa ni wajibu na sitaidharau, kwa sababu dawa hainunuliwi kwa maneno matamu, lakini mgonjwa anataka kuuona uso. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji wetu mwaka 1909, alipofiwa na mkewe Amina alimwombolezea kwa shairi, na watu wanalisoma hadi leo kwa sababu mtu mzima mwanamume hakuona haya kueleza alichopoteza. Lakini Amina alikuwa amekwisha kuondoka. Wako yu hai, mwanangu, yuko chumba cha pili, na wewe unaniandikia mimi.

Sasa nirudi kwenye neno la paa. Mwanamke aliyekwisha kumchukia mumewe angemfanya paa alaani, angeisimulia adhabu ya bwana kwa furaha, angewafundisha watoto kucheka anapoamkia jaani. Mkeo amemfanya paa aulize kama bwana wake amekula. Huyo bado anakupenda, na ameumia kwa sababu anakupenda. Muda wa kutengeneza unao, lakini si mwingi, kwani paka wa Napoli naye aliondoka siku moja tu, bila kutangaza.

Utafanya hivi. Usiku wa leo funga duka mapema, uende nyumbani, ukaketi chini kwa watoto wakati wa hadithi, na mama yao akisita umwombe aanze tangu jaani. Sikiliza hadi mwisho usimkatize. Mwanao akiuliza tena lile swali, mjibu mbele ya mama yake, kwa maneno mepesi, kwamba yule bwana alikosea, na kwamba wewe nawe ulikosea kutokwenda Pangani. Watoto wakilala, muulize mkeo kuhusu operesheni, kila kitu: alivyoogopa, nani alimshika mkono, kidonda kinamuumaje siku za baridi. Usijitetee kwa hela uliyotuma. Ijumaa nendeni pamoja Pangani, ukamshukuru mama mkwe wako kwa kuuguza, kwa mdomo wako na si kwa kijana wa dukani. Baadaye, duka likikuruhusu, utanunua mkufu, lakini usianze na mkufu, maana ukianza nao ataona ni muamala mwingine.

Kuhusu mke wa pili, sheria ya dini imekuruhusu kwa sharti la uadilifu, na mtu aliyeshindwa kumfanyia uadilifu mmoja akiwa kitandani hana hoja ya kumleta mwingine. Mwambie dada yako hivyo, kwa heshima lakini kwa sauti inayosikika, na umkumbushe kwamba nyumba hiyo ina mama mwenye nyumba. Akikasirika, mwache akasirike; asiambiwe tena mambo ya chumbani kwenu.