Kujicheka: barua kwa mwanangu kuhusu darasa la Bwana Brown

Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Baba yako na mimi tu wazima, ila goti lake ndilo linalomsumbua kila asubuhi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na badala ya kukujibu kwa sauti, ambapo ningekatizwa na mtu mlangoni kabla sijafika nusu ya maneno yangu, nimeona nikae nikuandikie.

Umenieleza kwamba mlikuwa mkizungumza na wenzako wa kazini huko Uingereza, ukakitaja Mind Your Language, kile kichekesho cha televisheni cha Waingereza, kuwa ndicho kipindi ulichokulia nacho, na mmoja wao akashtuka, akasema kile ni kitu cha aibu. Ndipo ukaniuliza kwa nini sisi huku mpaka leo tunakiangalia na kucheka mpaka machozi, ilhali wanaochekwa mle ni watu kama sisi. Ukaongeza kwamba yuko mtu hapo ofisini ambaye huigiza matamshi yako mbele ya wengine, na hujui kama una haki ya kuudhika, kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa ukimwigiza Ranjeet, yule Kalasinga wa kipindi hicho, sebuleni kwetu, viganja umevikutanisha kifuani, ukiomba radhi elfu moja.

Ninaikumbuka sebule hiyo vizuri kuliko wewe. Televisheni yetu ilikuwa Great Wall ndogo, nyeusi na nyeupe, na antena ilifungwa kwenye mlingoti wa mkoko nyuma ya nyumba, nawe ndiwe uliyetumwa kuizungusha huku watu wa ndani wakikupigia kelele "Rudisha! Hapo hapo!" mpaka picha itulie. Jirani zetu waliokuwa hawana televisheni walijaa sakafuni. Walikuwamo waliosoma mpaka kidato cha nne na waliokuwa hawajui Kiingereza cha kuombea maji, na jambo lililonishangaza tangu siku za mwanzo ni kwamba wote walicheka pamoja, kwa wakati mmoja, hata pale ambapo nusu yao hawakuwa wameyaelewa maneno. Shangazi yako hakuwa na haja ya tafsiri. Aliutazama uso wa mwalimu, akamwona amefumba macho na kushika kichwa, akajua kwamba mwanafunzi ameharibu tena.

Kipindi chenyewe kilitungwa na Vince Powell kwa ajili ya kampuni ya London Weekend Television, kikaanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 1977 na kusimamishwa mwaka 1979, kisha kikarudishwa kwa muda mfupi mwaka 1986, vyote pamoja vikawa vipindi 42 tu. Hadithi yake inaweza kuandikwa nyuma ya bahasha: kijana Mwingereza mpole, Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans, anaajiriwa kufundisha Kiingereza katika shule ya jioni ya watu wazima mjini London, na darasani mwake wanakaa Mpakistani, Kalasinga, Mchina, Mjapani, Mtaliano, Mgiriki, Mhispania, Mfaransa, Mjerumani na mama wa Kihindi aliyeanza karibu bila neno lolote la Kiingereza, mikononi ana sindano zake za kufumia. Mkuu wa shule, Bi Courtney, alitaka mwalimu wa kike, kwa hiyo hamwamini Brown tangu siku ya kwanza, naye ana tabia ya kuingia darasani bila hodi katika ile dakika ambayo hakupaswa kuingia.

Sasa nisikilize, kwa maana hapa ndipo jibu langu lilipo. Katika lugha yetu, kucheka si sawa na kumcheka mtu. Ukiongeza silabi moja tu, furaha inageuka kuwa dharau. Na ipo hali ya tatu, kujicheka, ambayo si watu wengi wanaoiweza. Mwenzako wa kazini anadhani kwamba sisi tulikuwa tukiwacheka akina Ali, yule Mpakistani, au kwamba tulikuwa tukichekwa bila ya kujua. Mimi ninakwambia kwamba sebule nzima ile ilikuwa ikijicheka.

Mtazame Taro, yule Mjapani, ambaye hawezi kulimaliza neno la Kiingereza bila ya kulibandikia irabu mwishoni. Waingereza walicheka kwa kuwa kwao ni jambo geni. Sisi je? Sisi tunaosema benki, basi, soksi na blanketi? Lugha yetu yote haivumilii neno liishie hewani, ni lazima liwekewe mahali pa kutua. Babu yako, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi chini ya wakubwa wa Kizungu, alitamka Kiingereza chake chote kwa mtindo wa Taro, na kila Taro alipofungua kinywa, alikuwa akipiga paja lake na kusema, "Huyu mimi namwelewa kuliko mwalimu wake."

Au mtazame Ali Nadim. Ukichunguza makosa yake utaona kwamba mara nyingi si makosa ya ujinga. Amelisikia neno sawasawa, ila neno lenyewe lina sura mbili, naye ameishika ile ambayo mwalimu hakuikusudia, kisha akajibu kwa heshima zote na kwa mantiki isiyo na dosari. Anayeumbuka hapo ni Kiingereza. Ndiyo maana hata msimamizi wa jengo, Sidney, Mwingereza wa London aliyezaliwa na lugha hiyo kinywani, husema Kiingereza cha mtaani ambacho hakimo katika vitabu vya Bwana Brown, hata mtu akajiuliza ni nani hasa mle ndani anayekijua Kiingereza.

Jambo hili mimi nililiona kwa macho yangu kabla sijaliona kwenye televisheni. Unajua kwamba nilifundisha gumbaru jioni, katika ile miaka baada ya Idara ya Elimu ya Watu Wazima kuundwa mwaka 1979, lakini sidhani kama nimewahi kukusimulia kisa cha neno "kaa". Nilikuwa na wanafunzi kumi na wawili, wengi wao wakubwa wangu kwa umri, tena wengine wametoka bara na Kiswahili chao ni cha kuokoteza. Niliandika ubaoni k-a-a, nikawataka walisome na kulieleza. Mvuvi mmoja wa Likoni akasema ni mdudu wa baharini mwenye magando. Mama aliyekuwa akiuza makaa akamkatalia, akasema kila mtu anajua kwamba ni kipande cha moto, wakaanza kubishana. Nikamgeukia mzee mmoja aliyekuwa amesimama kuomba nafasi ya kujibu, nikamwonyesha ubao kwa fimbo, nikamsomea kwa sauti ya kuhimiza: "Kaa!" Mzee akakaa. Akakaa kwa adabu, mikono magotini, akiwa na hakika kwamba nimemnyima nafasi. Darasa zima liliangua kicheko, naye alipoeleweshwa alicheka kuliko wote, mpaka kofia ikamtoka. Hapakuwa na mjinga mle ndani. Wote watatu walikuwa sahihi.

Vince Powell alilichukua tukio la namna hiyo na kulifanya mara kumi katika kila nusu saa, na ustadi wake ulikuwa katika kugawa makosa. Kila mwanafunzi alipewa mlango wake wa kukosea, hauingiliwi na mwingine, kwa hiyo mtazamaji akishawajua anaanza kucheka mapema, swali linapoelekezwa tu kwa Juan, yule Mhispania. Huyo Juan ndiye kipenzi changu. Haelewi, haoni aibu kutoelewa, anamwinamia jirani yake kuuliza, anajibu kwa ujasiri kitu kisichohusiana kabisa na swali, kisha anatabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani. Nimefundisha miaka thelathini na miwili, na kila mwaka nilikuwa na Juan wangu, wala sikuwahi kumchukia hata mmoja wao. Bwana Brown naye hawachukii. Anachoka, anapumua kwa nguvu, anarudia swali, lakini huwezi kumwona akimdhihaki mwanafunzi wake, na kama angefanya hivyo hata mara moja, babu yako angeinuka akaizima Great Wall yetu.

Nitakuwa mwongo nikikwambia kwamba mwenzako hana hoja. Michael Grade, mmoja wa wakuu wa London Weekend Television, alikisimamisha kipindi kwa sababu aliona kwamba kufanyia mzaha asili za watu namna ile ni matusi, na ninaamini alisukumwa na nia njema. Lazima ukumbuke London ya wakati huo, ambapo Mhindi au Mpakistani halisi aliweza kupigwa barabarani kwa sababu ya sura yake, na mtoto wake akaigiziwa Ali na Ranjeet uwanjani shuleni siku iliyofuata. Tena kuna mambo ambayo hata mimi siyacheki. Yule Mchina, Su-Lee, amepewa kitabu cha Mao na tabia ya kuchanganya herufi mbili, r na l, basi, mwandishi akaridhika. Na namna wanaume wote wanavyomkodolea macho Danielle, yule Mfaransa, kila anapoingia ni jambo lililonichosha tangu wakati ule, ingawa baba yako atakwambia vingine.

Lakini fikiria jambo hili pia. Waigizaji wenyewe karibu wote walikuwa watu wa kuvuka mipaka. Kalasinga aliigizwa na Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka. Mgiriki aliigizwa na Kevork Malikyan, Mwarmenia aliyezaliwa Uturuki. Mfaransa ni Françoise Pascal, mzaliwa wa Mauritius. Na Su-Lee ni Pik-Sen Lim kutoka Penang. Kila mmoja aliazima ulimi wa jirani. Je, hilo halikukumbushi mtu? Mzee Ojwang wetu wa kichekesho cha televisheni cha Vitimbi, aliyeifanya Kenya nzima icheke Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Sijui nyumba ya Mjaluo iliyozima televisheni kwa ajili yake. Jirani yetu wa Kisumu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja siku ya Vitimbi, na alipenda kutusahihisha tulipomwigiza Ojwang vibaya.

Na Wahindi, ambao kwa maoni ya mwenzako walipaswa kukasirika kuliko wote, walifanya nini? Walikichukua kipindi chenyewe, wakakigeuza, wakatengeneza chao mwaka 1993 kiitwacho Zabaan Sambhalke, maana yake ni kama kusema chunga ulimi wako, humo mwalimu ni Mhindi, aliyeigizwa na Pankaj Kapur, na lugha inayowashinda wanafunzi ni Kihindi. Ukiona mtu ameazima mzaha wa jirani akaupeleka kwake na kuushona upya, ujue hakuuona kuwa ni tusi, au aliuona akaamua kwamba utamu wake unazidi.

Nirudi sasa kwa yule mtu wa ofisini kwako, maana ninahisi ndiye hasa aliyekusumbua, na kipindi ulikitaja tu kama njia ya kumfikia. Yeye hajakaa kwenye dawati la darasa hilo. Hajajifunza lugha yako wala ya mtu mwingine, hajawahi kusimama mbele ya watu na neno likamgeuka mdomoni, na anapoigiza matamshi yako hana chochote anachokihatarisha. Huyo anakucheka. Wewe ulipomwigiza Ranjeet, babu yako alikuwa hapo pembeni na Kiingereza chake cha Taro, nami nilikuwa hapo na changu, ambacho mkaguzi mmoja wa shule alikuwa ameshakisahihisha mbele ya walimu wenzangu, nikalia chooni kisha nikaja nyumbani nikawasimulia, nanyi mkacheka, nami nikacheka. Una haki ya kuudhika, mwanangu, na wala huhitaji kuacha kumpenda Ranjeet ili uipate haki hiyo. Mwambie mtu huyo kwa upole, na faraghani, kwamba hilo hulipendi. Akiendelea, mjibu kwa Kiswahili, umwombe akirudie kile ulichokisema.

Yule mzee wa "kaa" nilikutana naye miaka kadhaa baadaye, karibu na Kongowea, amefungua kibanda cha kutengeneza viatu, na ukutani amebandika bei zake alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe. Nilidhani amenisahau. Alinitazama, akalivuta gogo la mnazi alilolifanya kiti, akalipangusa kwa kitambaa, kisha akanyoosha kidole kama ninavyofanya mimi ubaoni na kuniambia kwa sauti ya darasani, "Kaa!"

Nikakaa.

Mama yako