MUULIZE FUNDI: Waya wa fedha au wa shaba kwa mashine ya santuri?

SWALI

Shikamoo mzee fundi. Nina mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2, nimeinunua kwa mtu aliyefunga disko lake. Nimeiwekea katriji (kile kifaa chenye sindano) mpya ya Audio-Technica AT-VM95E na kuiunganisha na amplifaya ya zamani yenye tundu la phono, lile la mashine ya santuri. Santuri zangu nyingi ni zile ndogo za 45, dansi la Nairobi la miaka ya 1970. Shida yangu ni sauti ya juu. Tarumbeta zinachoma masikio, na kila mwimbaji akitamka "s" sauti inapasuka. Rafiki yangu aliyerudi kutoka Dubai ana nyaya za fedha za mita moja na nusu, anataka laki sita. Anasema fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba, kwa hiyo sauti itasafika. Mwingine ananionya kwamba fedha huongeza makali, nibaki na shaba maana sauti yake imetulia. Nimsikilize nani?

S.K., Tanga

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Hizo laki sita zibaki mfukoni kwanza.

Ni kweli fedha hupitisha umeme kuliko metali nyingine zote, ila imeizidi shaba kwa asilimia 6 hivi. Chukua waya mwembamba wa milimita mraba 0.2, urefu mita moja. Wa shaba una ukinzani wa omu 0.084, wa fedha omu 0.080. Sasa angalia waya huo unaunganisha nini na nini. Koili ya katriji yako peke yake ina omu 485, na mlango wa phono una omu 47,000. Omu 0.004 zikipungua katika njia kama hiyo, hakuna sikio litakalojua.

Watakwambia pia kwamba sauti ya juu hupita kwenye ngozi ya waya, ndiyo maana hupakwa fedha kwa nje. Hilo ni jambo la mitambo ya redio. Kwenye masafa ya hertz 20,000, yaani mitikisiko 20,000 kwa sekunde, ambayo ndiyo kikomo cha sikio la kijana, umeme bado unazama karibu nusu milimita ndani ya shaba. Waya wako ni mwembamba kiasi kwamba unapita wote, kati na pembeni.

Lakini sitaki kumwita rafiki yako mwongo. Mtu akibadilisha waya wa mashine ya santuri anaweza kusikia tofauti kabisa, na kwa katriji ya sumaku kama yako tofauti hiyo hupimika. Inatoka kwenye kapasitansi, yaani uwezo wa waya kuhifadhi chaji ya umeme, unaopimwa kwa pikofaradi. Waya wa kati na wavu unaouzunguka, vikitenganishwa na plastiki, vinakuwa kapasita ndefu, na kila mita inaongeza pikofaradi zake. Katriji yako ina koili yenye milihenri 550. Koili na kapasita zikikutana, kuna mahali sauti inavimba. Kuanzia kwenye mkono wa mashine, waya, hadi mlango wa amplifaya, jumla ikiwa pikofaradi 400, uvimbe huo unakaa kwenye masafa ya 10,700 hivi, pale pale penye "s" na matoazi. Jumla ikishuka hadi 200, unahamia karibu 15,200, ambako hausumbui sana. Watengenezaji wenyewe wanataka katriji hiyo ipate kati ya 100 na 200.

Baadhi ya nyaya za fedha hutengenezwa kwa plastiki bora na huwa na kapasitansi ndogo, basi msikilizaji akisikia nafuu anaisifu fedha. Siku nyingine anauziwa ya fedha yenye kapasitansi kubwa, makali yanazidi, anailaumu fedha. Rafiki zako wote wawili wamesikia kitu cha kweli, sababu ndiyo wameikosa. Hili linaniuma, kwa sababu watu wanatoa mshahara wa mwezi kwa ajili ya rangi ya metali, na muuzaji hajawahi hata kupima.

Wewe pima waya wowote kabla ya kuununua. Tafuta mita yenye sehemu ya kapasitansi, waya usiwe umeunganishwa popote, shika pini ya kati na pete ya nje. Usomaji ugawe kwa urefu. Pikofaradi 60 au 70 kwa mita ni nzuri. 150 ni nyingi mno kwa kazi hii.

Ukitaka waya mzuri kwa bei ndogo, nenda kwa wanaofunga kamera za ulinzi uombe RG-59 yenye waya wa kati wa shaba tupu na wavu mzito wa shaba. Ina pikofaradi 67 hivi kwa mita, au pungufu. Ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa: kukiwa na weupe chini ya shaba, ni chuma au alumini iliyopakwa, achana nayo.

Jambo moja muuzaji hakukwambia. Kwenye MK2 nyaya hazichomolewi, zimelehemiwa ndani chini ya mkono. Hata ungenunua za fedha ungehitaji fundi. Mpe RG-59 ya mita moja, na mkumbushe arudishe waya wa ardhi mahali pake, la sivyo utapata mvumo wa umeme usioisha.

Ila kabla ya kufungua chochote, hakikisha sindano inakandamiza gramu 2.0 na katriji imekaa sawasawa kwenye kichwa. Makali ya "s" mara nyingi huanzia hapo. Na hizo 45 zako zimechezwa miaka mingi kwa sindano butu. Kuna mifereji iliyokwanguliwa ambayo waya hauwezi kuiponya. Pesa ukiwa nazo, nunua sindano ya VMN95ML. Inaingia kwenye katriji hiyo hiyo, na ncha yake nyembamba hugusa sehemu za mfereji ambazo sindano za zamani hazikufika. Hapo ndipo utaisikia tarumbeta.

SWALI

Fundi, huku kwetu hewa ya bahari inaotesha kutu ya kijani kwenye plagi za shaba. Je, fedha si salama zaidi?

Bi Z., Mombasa

JIBU

Bi Z., fedha nayo huwa nyeusi, hasa penye moshi na salfa. Waya uliozibwa vizuri na plastiki huchukua miaka mingi. Kinacholiwa kwanza ni plagi. Tumia plagi zilizopakwa dhahabu, zichomoe mara moja moja, uzifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ukiona kijani kimeingia ndani ya waya wenyewe, kata hadi ufikie shaba nyekundu inayong'aa, kisha ulehemu plagi upya.